Kuandika riwaya ya kifantasia kwa watoto kutokana na visasili vya Wagiriki: mwongozo kamili

Wengi wanaoanza kuandika riwaya ya kifantasia kwa watoto wa miaka 9 hadi 13 kutokana na visasili vya Wagiriki wa kale huanza kwa kupanga viumbe: Medusa mwenye nywele za nyoka, Minotaur ndani ya mzingile wake, Cyclops mwenye jicho moja, Cerberus mbwa wa vichwa vitatu. Ikifika sura ya nne viumbe wote wamekwisha kuonekana na mwandishi hana tena la kusema, kwa kuwa kiumbe hutisha mara ya kwanza tu. Kilichoyafanya masimulizi haya yadumu ni madeni yaliyomo ndani yake: mtu alitoa ahadi asiyoiweza, mwenyeji alimdhulumu mgeni, mungu aliapa bila kufikiri, kisha kizazi kilichofuata kikaletewa hesabu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulitafuta deni hilo na kulijengea riwaya, na mfano mmoja utatumika tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni kisa cha Perseus na kisiwa cha Seriphos.

Hatua ya kwanza: chagua kisasili kimoja na ukisome kwa zaidi ya msimulizi mmoja

Usichukue visasili vitano. Kimoja kinatosha kujaza kurasa 200, mradi ukijue vizuri kuliko msomaji wako na kuliko mwalimu wake. Wagiriki hawakuwa na kitabu kimoja kilichokusanya imani zao zote. Walikuwa na washairi, na kila mshairi alisimulia kwa namna yake. Hesiod, aliyeishi mnamo mwaka 700 KK, anatoa nasaba za miungu. Mkusanyo unaojulikana kwa jina la Apollodorus, wa karne ya 1 au ya 2 BK, unasimulia visa kwa ufupi na kwa mpangilio, na ndio unaomfaa zaidi mwandishi anayetafuta mifupa ya kisa. Ovid, Mrumi aliyekamilisha utenzi wake mkubwa kuhusu mageuzi mnamo mwaka 8 BK, anaongeza hisia, mazungumzo na rangi.

Kwa Apollodorus, kisa chetu kinakwenda hivi. Akrisius, mfalme wa Argos, aliambiwa na kahini kwamba atauawa na mjukuu wake, naye akamfungia binti yake Danae katika chumba cha shaba chini ya ardhi. Zeus, mfalme wa miungu, alimwingilia kwa umbo la mvua ya dhahabu, na Danae akamzaa Perseus. Akrisius aliwatia mama na mtoto ndani ya sanduku na kuwatupa baharini, nalo likasukumwa na mawimbi hadi Seriphos, ambako mtu aitwaye Dictys aliwaokota na kumlea kijana. Kaka yake Dictys, mfalme Polydectes, alimtamani Danae, na kwa kuwa Perseus alikuwa kizuizi, alitafuta njia ya kumwondoa. Aliwaita rafiki zake watoe michango kwa ajili ya posa aliyodai kuwa anaiandaa. Perseus, kwa majivuno ya ujana, alisema kwamba hatakataa hata akidaiwa kichwa cha Gorgoni, kiumbe wa jamii ya Medusa ambaye kila amtazamaye hugeuka jiwe. Mfalme akalishika neno hilo hilo. Deni la kwanza la kisa hiki, basi, limezaliwa na ulimi wa kijana mbele ya watu.

Ukilinganisha wasimulizi utagundua kwamba hawakubaliani kuhusu Medusa. Hesiod anamtaja kuwa mmoja wa Gorgoni watatu, na wa pekee kati yao anayeweza kufa. Ovid anasema alikuwa msichana mzuri aliyedhulumiwa ndani ya hekalu, kisha akaadhibiwa yeye badala ya mkosaji. Lazima uchague, kwa sababu uamuzi huo ndio utakaomwonyesha mtoto ni nani mwovu katika kitabu chako. Kwa maoni yangu, mwandishi anayemfuata Ovid hawezi tena kuandika sura ya kushangilia kukatwa kwa kichwa cha Medusa.

Hatua ya pili: tafuta mahali ambapo kisasili kimenyamaza

Hapa ndipo riwaya inapozaliwa, na inafaa kukaa hapa wiki nzima ukiwa na daftari. Soma kisa polepole, na kila anapotajwa mtu bila jina, jiulize aliamkaje siku iliyofuata.

Perseus anaporudi Seriphos na kichwa cha Medusa anawakuta mama yake na Dictys wamekimbilia madhabahuni kwa kuogopa ukatili wa mfalme. Anaingia jumba la kifalme, ambamo Polydectes amewakusanya rafiki zake, anageuza uso pembeni na kukionyesha kichwa. Kila aliyekitazama akawa jiwe katika mkao aliokuwa nao wakati huo. Kisha Dictys anafanywa mfalme, Perseus anarudisha vifaa alivyopewa kwa safari, yaani viatu vyenye mabawa, mkoba na kofia ya Hades, mungu wa wafu, kichwa anapewa Athena, mungu wa kike wa hekima na vita, akiweke kwenye ngao yake, na msimulizi anaondoka kisiwani bila kugeuka nyuma.

Lakini karamu ina watumishi. Kuna anayemimina divai, kuna mpishi, kuna mpiga zumari aliyekodiwa kwa usiku mmoja na ambaye hakuwa na ugomvi na Perseus wala na mama yake. Mpe mpiga zumari huyo binti wa miaka 12, umwite Myrto, jina lililotumiwa na Wagiriki wenyewe, na tayari una mhusika mkuu mwenye haja ambayo mtoto yeyote anaielewa bila maelezo: anamtaka baba yake. Ana pia ugomvi na shujaa ambaye kisiwa kizima kinamsifu, na ugomvi huo una thamani kubwa kuliko joka lolote.

Jaribu kipimo hiki kabla ya kuendelea. Eleza riwaya yako kwa sentensi moja bila kutaja jina la mungu wala la kiumbe. «Msichana anataka kumrudishia uhai baba yake aliyegeuzwa jiwe kwa kosa la mtu mwingine» inasimama. Sentensi yako isiposimama bila Zeus, rudi kwenye daftari.

Hatua ya tatu: weka sheria, na uzitii hata zinapokuumiza

Fantasia isiyo na sheria humchosha mtoto upesi, kwa sababu anajua kwamba wakati wowote mungu atatokea na kumaliza tatizo. Uzuri ni kwamba Wagiriki walikwisha kukuwekea sheria, nawe unahitaji tatu tu.

Ya kwanza ni ugeni. Mgeni na mwenyeji walikuwa chini ya ulinzi wa Zeus, na aliyemdhulumu mgeni wake alitarajiwa kulipa. Mara nyingi miungu yenyewe ilibisha hodi kwa sura ya maskini. Polydectes alivunja sheria hii kwa kumsumbua mwanamke aliyeletwa na bahari katika kisiwa chake, na ndiyo maana kuangamia kwake hakukumshangaza msikilizaji wa kale. Katika mfano wetu, Myrto atampokea ajuza mmoja katika sura ya pili, atampa mkate wa shayiri wa mwisho uliomo nyumbani, na ajuza huyo ni Athena. Kuanzia hapo mungu ana deni kwa mtoto.

Ya pili ni kiapo cha Styx, mto wa Kuzimu. Hesiod anaeleza kwamba mungu anayeapa kwa maji ya Styx kisha akavunja kiapo hulala mwaka mzima bila pumzi wala sauti, na baadaye hutengwa na mabaraza na karamu za miungu kwa miaka tisa. Mwandishi ana bahati ya kupata adhabu yenye hesabu kamili kama hii, maana mtoto anaweza kuihesabu na kuielewa.

Ya tatu tunaikuta kwa Ovid: mungu haruhusiwi kukitengua kilichofanywa na mungu mwenzake. Anaweza kuongeza, kupunguza makali au kufidia, lakini hawezi kufuta. Sheria hii peke yake itakuokoa na miisho ya mkato.

Ongeza uamuzi mmoja wa kwako pale vitabu vya kale visipotoa jibu. Je, aliyegeuzwa jiwe amekufa? Katika riwaya yetu jibu ni hapana: hakushuka Kuzimu, Hades hajamhesabu, yumo ndani ya jiwe kama mtu aliyezuiwa katikati ya pumzi. Andika uamuzi huo kwenye karatasi na uibandike ukutani, kwa kuwa ukiusahau katika sura ya 14, msomaji wa miaka 10 atakukumbusha bila huruma.

Hatua ya nne: hakiki nasaba

Mimi mwenyewe niliwahi kuandika sura tatu nzima za kisa kama hiki kabla ya kugundua kosa. Apollodorus anasema kwamba Athena alimpa tabibu Asclepius damu ya Gorgoni: iliyotoka kwenye mishipa ya kushoto iliangamiza watu, na iliyotoka kwenye mishipa ya kulia iliokoa, hata ikafufua wafu. Nikamtuma msichana wangu kwa Asclepius, nikafurahi sana. Kisha nikachora mti wa ukoo. Perseus alimzaa Electryon, Electryon akamzaa Alcmene, Alcmene akamzaa shujaa Heracles. Wana wa Asclepius, kwa upande wao, walipigana katika vita vya Troya, ambavyo ni vya kizazi kinachomfuata Heracles. Tabibu niliyemtafuta hakuwa amezaliwa bado.

Kosa hilo liliniletea njia iliyo bora zaidi. Ikiwa Asclepius hajazaliwa, damu ingali mikononi mwa Athena mwenyewe, naye ndiye mwenye deni la mkate wa shayiri. Chora mti wa ukoo kabla ya kuandika, hata kama hakuna msomaji atakayeuona.

Hatua ya tano: ijue bahari yako

Fungua ramani. Seriphos ni kisiwa kidogo chenye mawe mengi upande wa magharibi wa visiwa vya Cyclades. Anayetoka huko kwenda Athens, mji wa Athena, hupita Kythnos, kisha Kea, kisha huona rasi ya Sounion kwenye ncha ya Attica, eneo la mji huo. Upepo mkuu wa kiangazi katika bahari ya Aegean huvuma kutoka kaskazini, kwa hiyo Myrto anakwenda kinyume na upepo, kwa makasia, na atarudi kwa tanga. Msomaji aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki, anayejua kwamba chombo hakibishani na kaskazi, ataielewa hesabu hiyo mara moja. Hesiod anashauri kusafiri baharini katika siku 50 zinazofuata kilele cha kiangazi. Ukimchelewesha mhusika wako kisiwani Kea hadi siku hizo ziishe, umepata taharuki bila kumwita joka hata mmoja.

Chakula kiwe cha huko: mkate na uji wa shayiri, zeituni, tini, jibini ya mbuzi, samaki, asali, na divai iliyochanganywa na maji. Nyanya, mahindi, viazi na pilipili kali zilitoka Amerika karne nyingi baadaye, na sukari haikuwapo mezani. Usimpe mtu sarafu, kwa kuwa zilianza kutengenezwa Lydia, magharibi mwa Uturuki ya sasa, karne ya 7 KK, muda mrefu baada ya zama ambazo Wagiriki waliziita za mashujaa; mpe kondoo, kitambaa au chungu cha shaba. Kioo nacho ni bamba la shaba lililosuguliwa, na ndiyo maana ngao iliweza kuwa kioo cha Perseus alipomkaribia Medusa bila kumtazama usoni.

Tafuta pia jambo dogo la mahali hapo ambalo haliko mahali pengine. Waandishi wa kale, akiwamo Aelian, wanasema vyura wa Seriphos hawalii. Wenyeji walisimulia kwamba Perseus, akiwa amechoka, alijilaza kando ya maji, vyura wakamsumbua, akamwomba Zeus awanyamazishe. Ila chura huyo huyo akipelekwa kwingine, hulia kama kawaida.

Nilipokutana na habari hiyo nilijua kwamba riwaya imepata ufunguo wake. Myrto anaondoka na chura ndani ya kibuyu, kwa upweke tu, kwa sababu hana mwenzake. Usiku wa kwanza Kythnos, chura analia. Watoto watacheka na kugeuza ukurasa. Sura kumi baadaye, Athena anapompa tone la damu na damu hiyo kushindwa kufanya kazi kisiwani, Myrto atakumbuka kibuyu: lililofungwa Seriphos limefungwa Seriphos tu. Jiwe lipakiwe chomboni. Dokezo jema huingia kama mzaha, na msomaji hulipita akidhani amelielewa.

Hatua ya sita: amua utawaita nini

Majina ya Kigiriki yabaki yalivyo, yakiwa machache. Biblia ya Kiswahili ina Zeu na Herme, majina ambayo watu wa Listra waliwapa Barnaba na Paulo katika Matendo ya Mitume, lakini mtoto anayekutana na Zeus na Hermes shuleni atachanganyikiwa ukimletea maumbo mengine. Majina ya kawaida yanataka uangalifu zaidi. «Jini» huja na mambo yake yote ya kwetu, ubani ukiwamo, na halimfai Gorgoni. «Zimwi» linamfaa Cyclops, kwa kuwa naye hula watu na hudanganyika kwa maneno. Kwa makao ya Hades, «Kuzimu» ni neno kamili. Kwa wanawake wa chemchemi na miti, «binti wa chemchemi» humtosha mtoto kuliko neno geni.

Adabu nazo zina lugha yake. Katika Kiswahili, mtoto anayezungumza na ajuza bila kumwita bibi ataonekana mkorofi, hata kama mwandishi hakukusudia. Hata hivyo «shikamoo» humhamisha msomaji ghafla kutoka Aegean hadi Tanga, kwa hiyo mimi huiacha, nikamwandikia Myrto: «Karibu bibi, keti uondoe vumbi miguuni.» Heshima imebaki, na mahali hapakuhama.

Hatua ya saba: andika tukio kwa vidole, macho na masikio

Rasimu ya kwanza ya mwandishi mchanga husoma hivi: «Myrto aliingia ndani ya jumba na kuona watu wote wamegeuka mawe. Alishtuka sana na kulia kwa uchungu.» Msomaji ameambiwa, hajaona kitu. Linganisha na hii:

«Mlangoni alisimama mtu aliyeinua kikombe, na divai ilikuwa ingali inadondoka. Myrto alipita chini ya mkono wake. Aliwatafuta wapiga muziki pale walipoketi siku zote, nyuma ya nguzo ya tatu, na akamtambua baba kwa mashavu, maana yalikuwa yamejaa pumzi. Zumari zote mbili zilikuwa mdomoni. Zenyewe zilikuwa mwanzi uleule, mkavu, wenye ufa aliouziba kwa nta juzi. Vidole vilivyozishika ndivyo vilivyokuwa jiwe. Alijaribu kuitoa moja. Haikutoka. Akaketi miguuni pa baba yake akasubiri amalizie kupuliza.»

Hakuna neno «uchungu» humo. Kuna ufa uliozibwa kwa nta, na kuna pumzi isiyomalizika, ambayo itarudi katika tukio la mwisho. Sentensi za watoto hazihitaji kuwa fupi zote. Zinahitaji kitenzi kinachoonekana.

Kuhusu urefu, maneno 30,000 yanatosha, yaani sura 20 za maneno 1,500 hivi. Usianze na vita vya miungu na mababu zao. Anza na mtu mlangoni.

Hatua ya nane: ukatili, imani na wazazi

Visasili hivi vimejaa mauaji, wizi wa wanawake na watoto kutupwa. Usivisafishe hadi vikose maana, wala usivionyeshe vyote. Kwa Danae inatosha kusema kwamba baba yake alimfungia kwa hofu na kumtupa kwa hofu. Kwa Medusa, ukimfuata Ovid, sema kwamba alionewa na mwenye nguvu na hakuna aliyemtetea. Mtoto wa miaka 12 atafahamu kadiri anavyoweza, na mzazi ataeleza kilichobaki.

Wazazi Waislamu na Wakristo watauliza kuhusu miungu. Andika «miungu» kwa herufi ndogo, waache wawe wahusika wenye wivu, upendeleo na makosa, kama walivyo katika masimulizi yenyewe, na usimfanye Myrto awaombe kwa maneno ya sala ambayo msomaji huyatumia nyumbani kwake. Athena analipa deni la mkate, haabudiwi.

Hatua ya tisa: malizia kwa malipo, kisha wasomee watoto

Mwisho wa bure hauaminiki katika ulimwengu huu. Baba atapumua tena baada ya chombo kuvuka maji ya Seriphos, na pumzi iliyokwama katika zumari itatoka kama sauti, lakini akikanyaga kisiwa hicho tena atarudi kuwa jiwe. Familia imepata mtu na imepoteza nyumba. Wapo pia wengine waliobaki jumbani na tone la damu lilikuwa moja. Myrto lazima apite mbele ya aliyekuwa akimimina divai, ambaye naye ana watoto. Usimwondolee mzigo huo.

Rasimu ikikamilika, iache mwezi mmoja, kisha uwasomee kwa sauti watoto watano au sita wasio ndugu zako. Usiwaulize kama wameipenda, kwa kuwa watakujibu kwa adabu. Weka alama pembeni mwa ukurasa kila wanapoanza kuchezea vidole, na nyingine kila wanapouliza swali. Penye alama za vidole, kata. Penye maswali, tazama sheria ulizobandika ukutani: kama jibu limo humo, limechelewa kumfikia msomaji na unapaswa kulisogeza sura mbili nyuma, kama halimo, liandike kwenye karatasi ile ile, kisha usome mswada upya kuanzia pale Myrto alipomkaribisha ajuza.